Uso Ulioyeyuka kwa Ajili ya Shairi

Kwa miaka mingi kazi ya Précieuse ilikuwa kuponya karatasi. Ungemletea kitabu kilicholowa maji ya mafuriko, au ramani iliyotafunwa na panya, angekipokea kama muuguzi anavyopokea mgonjwa, akakigeuza upande huu na ule, kisha akakwambia ukweli: hiki kitapona, hiki kimekwisha. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliyeingia Ubelgiji kama mkimbizi akiwa bado msichana. Wenzake wa Kivu walikwenda kusomea uuguzi na kulea wazee. Yeye akachagua ufundi huu ambao hata jina lake lilikuwa gumu kulieleza. Mama yake, Maman Claudine, aliyekuwa akiishi naye kwenye ghorofa huko Evere, pembeni mwa Brussels, alipoulizwa kanisani binti yake anafanya nini, alijibu tu: "Anatengenezaka ba-papier ya zamani." Basi watu wakatikisa kichwa kwa heshima, na habari ikaishia hapo.

Kazi iliyomharibia maisha aliipata Woluwe-Saint-Lambert, huko huko Brussels, kwenye nyumba kubwa ya matofali yenye bustani iliyoachwa iote ovyo. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa daktari aliyewahi kuishi Misri, akarudi na makasha ya vitu alivyonunua kwa wachimbaji. Alipofariki, makasha yakabaki kwa mjukuu wake, mwanamke kijana aitwaye Chloé. Chloé hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, alileta kahawa mwenyewe, na alitaka jina la babu yake lijulikane kabla ya kuuza vile vitu. Akaajiri watu wawili: Précieuse, ashughulikie karatasi, na Mathieu, azisome.

Mathieu alikuwa mtu wa Lubumbashi, mrefu, mwenye mvi zilizoanzia masikioni. Kigiriki cha kale alifundishwa na mapadri, akakipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Alikuja Brussels kwa masomo, akapata shahada zote zinazopatikana, na tangu hapo akawa anaishi kwa mikataba mifupi mifupi ya chuo, huu ukiisha anaomba mwingine. Kwenye sherehe za ndugu walimuuliza, "Tonton Mathieu, ile Kigiriki itakusaidia nini?" Chuoni Wazungu walimuuliza hilo hilo kwa maneno ya heshima zaidi. Alichokuwa akingoja maisha yake yote ni kitu kimoja tu: kupata shairi lililopotea.

Siku za mwanzo alimweleza Précieuse jinsi jambo hilo linavyowezekana. Wagiriki wa kale walitunga nyimbo nyingi mno, lakini nyingi zimepotea. Kuna watunzi ambao kwao limebaki jina na mstari mmoja au miwili, basi. Lakini zamani hizo Wagiriki walipoitawala Misri, mafundi wa mazishi walikuwa wakinunua karatasi kuukuu zilizotengenezwa kwa mafunjo, matete ya mto Nile: hesabu za shayiri, kesi za mahakama, vitabu vilivyochakaa. Walizigandisha kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, wakapaka chokaa laini, wakachora juu yake uso wa marehemu. Ndicho kinyago alichofunikwa nacho maiti.

"Donc, ndani ya uso ya muntu," Mathieu alisema, "unaweza kukuta wimbo. Miaka elfu mbili na zaidi, wimbo iko inangoja pale."

"Na ile uso?" Précieuse aliuliza.

Mathieu alikunja midomo. "Njo pale sasa kwenye shida."

Walianza na vinyago vilivyokwisha kuvunjika zamani, vipande ambavyo huwezi kujua kipi kilikuwa shavu na kipi bega. Précieuse aliviloweka kwenye maji ya uvuguvugu, akaachanisha tabaka kwa kibano na kipande chembamba cha mfupa, akazilaza karatasi kwenye karatasi za kunyonya maji. Mathieu aliziinamia akisoma. Zilitoka habari za kodi ya bia, malalamiko ya mtu aliyeibiwa mbuzi, barua ya askari anayeomba viatu. Shairi halikuwamo. Majira ya baridi yakapita hivyo hivyo, na mkataba wa Mathieu ulikuwa unaisha kiangazi.

Kisha, asubuhi moja, akiwa anapanga kasha la mwisho, Mathieu aliita kwa sauti ambayo Précieuse hakuwahi kuisikia kwake.

"Maman Précieuse! Kuya uone. Kuya mbio!"

Alikuwa ameshika kinyago kidogo, kizima. Kilikuwa cha mtoto. Nyuma ya sikio chokaa ilikuwa imebanduka kidogo, na penye lile tundu zilionekana herufi nyeusi zilizoandikwa kwa uzuri, si mwandiko wa karani wa kodi. Mathieu alizisoma kwa kugusagusa hewa kwa kidole, kama anapima urefu wa kila silabi, kisha akakaa chini juu ya kasha.

"Haiko hesabu," alisema. "Iko wimbo. Na ile namna ya kusema... haiko kwenye kitabu yoyote. Nakuapia."

Précieuse hakuangalia herufi. Alikuwa anamtazama mtoto. Mchoraji wake hakuwa fundi hodari. Nyusi moja ilipanda juu kuliko nyingine, na mdomo ulikuwa umebanwa kana kwamba mtoto anajizuia kucheka mbele ya wakubwa. Rangi ya mashavu ilikuwa bado mbichi.

"Huyu hatumuloweke," alisema.

Hapo ndipo mzozo ulipoanza, ingawa hakuna aliyepaza sauti. Précieuse alieleza kwamba kuna njia ya kuubandua uso kwanza, polepole, kwa kuupaka gundi nyepesi na kuubandika kwenye karatasi laini, ili karatasi za ndani zitoke na sura ibaki. Lakini njia hiyo inataka miezi, pengine mwaka, na mashine ya kudhibiti unyevu ambayo nyumba ile haikuwa nayo. Chloé alisikiliza hadi mwisho, akajibu kwa Kifaransa chake cha upole kwamba vinyago kama hicho viko mamia kwenye makumbusho ya dunia, na hakuna anayevitazama. Shairi ni moja. Na kwamba nyumba itauzwa mwisho wa mwaka. Mathieu alingoja hadi wakawa wawili kwenye kituo cha basi.

"Mie sikulazimishe," alisema. "Lakini kama hatufanye sasa, wataiuza kwa muntu ya pesa, ataitundika kwenye salon ya nyumba yake, na ile wimbo itabaki mule ndani mpaka mwisho wa dunia. Maman Précieuse, ni maisha yangu yote. Unaelewa? Maisha yangu yote."

Akamnong'oneza tafsiri ya maneno machache yaliyoonekana nyuma ya sikio. Mlango nimeuacha wazi. Kisha tundu. Kisha: hukuniaga.

Précieuse alipanda basi na maneno yale kichwani, na hayakushuka alipofika Evere.

Jioni ile alimsimulia mama yake. Maman Claudine alikuwa anachambua pondu, majani ya mihogo, mezani, akasimamisha mikono.

"Ile mutoto alikuwa na jina?"

"Hatujue, maman. Hawakuandika."

"Na sasa munataka kumuosha uso mpaka uishe."

"Hatujaamua."

Mama alirudi kwenye majani yake. Baada ya kitambo akasema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo mengine, "Bienfait alikuwa na pengo ya meno huku mbele."

"Hapana, maman. Ile ilikuwa ya Guylain, mutoto wa tante. Bienfait hakuwa na pengo."

"Miye nilimuzaa. Unanifundisha?"

Bienfait alikuwa mdogo wake Précieuse. Vita vilipofika Bukavu walikimbilia msituni, njia ya Shabunda, na huko homa ikamchukua. Walimzika kando ya njia, wakamfunika kwa majani kwa sababu hapakuwa na jembe, wakaendelea kutembea kwa vile waliokuwa nyuma walikuwa wanawasukuma. Picha zote zilibaki nyumbani, na nyumba iliporwa. Kwa miaka mingi mama na binti waliamini kwamba wanaukumbuka uso wake. Sasa, mezani, wakagundua kwamba kila mmoja anamkumbuka mtoto tofauti. Walibishana kuhusu masikio, kuhusu weusi wake, kuhusu kovu, hadi mama akaanza kulia na Précieuse akaosha majani yaliyobaki peke yake.

Ungedhani kwamba baada ya maongezi kama yale angekataa katakata. Hakukataa. Alijaribu kwanza ile njia ya taratibu, akianzia kwenye paji la uso; chokaa ilikuwa imeoza kwa ndani, ikamomonyoka kama biskuti ya zamani, na nyusi ile iliyopanda ikabaki kwenye brashi kama vumbi. Mathieu alikuwa amesimama mlangoni.

"Inakufa tu," alisema kwa huruma ya kweli. "Unaona mwenyewe. Ukiendelea vile, tutakosa uso na tutakosa wimbo."

Ulikuwa ukweli nusu. Sehemu kubwa ya uso ilikuwa bado imara, na fundi mwenye subira angesimama hapo, akafunga kasha, akangoja vifaa. Précieuse alijua. Lakini tangu kituo cha basi alikuwa anataka kusikia yaliyobaki. Nani hakuagwa? Na aliyeuacha mlango wazi aliuacha kwa muda gani? Alitaka kujua kwa hamu iliyomwaibisha, kama mtu mwenye njaa kwenye matanga. Akajaza beseni maji ya uvuguvugu, akakishika kinyago kwa mikono yote miwili chini ya kidevu na kisogo, akakizamisha.

Mashavu ndiyo yaliyotangulia. Rangi ilitoka kama moshi mwekundu, ikazunguka, ikafifia. Macho yalikaa muda mrefu zaidi. Weusi wake uliogelea juu ya maji ukiwa bado mviringo, halafu ukanyooka, ukawa nyuzi, ukapotea. Mdomo hakuuona ukienda, maana maji yalikuwa yamekwisha kuwa meupe kama uji. Alipoingiza vidole hakukuta kitu chenye sura. Alikuta karatasi.

Alifanya kazi hadi mchana bila kula. Kila tabaka aliliachanisha, akaliosha, akalilaza. Mathieu alisoma mstari kwa mstari, kwanza kwa Kigiriki, halafu akageuza kwa Kiswahili chao, kwa sababu Kifaransa, alisema, kilikuwa mbali mno na kitu hiki. Ulikuwa wimbo wa mwanamke anayemsemesha mtu aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Karatasi zilikuwa zimekatwa kufuata umbo la kichwa, hivyo kila mstari ulikosa kipande. Mlango nimeuacha wazi... majirani wanasema... mkate umepoa nikaula mwenyewe... hukuniaga, na mbwa bado... Mbele ya hapo palikuwa na mstari mmoja mzima, wa pekee usio na tundu: sikasiriki tena, ila nionyeshe unakokaa.

Mathieu alilia waziwazi, machozi yakidondoka kwenye ndevu, akarudi nyuma upesi yasiangukie karatasi. Précieuse naye alilia. Kwa saa ile walikuwa na furaha, na asiyekubali hilo hawezi kuelewa yaliyofuata. Alipokwenda kumwaga maji alisita mbele ya sinki. Chini ya beseni palikuwa na tope laini la rangi ya waridi. Akafungua bomba.

Makala ya Mathieu yalitoka mwanzoni mwa mwaka uliofuata katika jarida kubwa la wasomi. Magazeti yakaandika. Redio ikamwita. Kwenye ukumbi wa parokia huko Laeken Wakongo walimfanyia karamu, wakampigia makofi mtu wao aliyewarudishia Wagiriki wimbo wao, na wale wale waliokuwa wakimuuliza Kigiriki kitamsaidia nini wakajipiga naye picha. Précieuse alikaa meza ya mbele na mama yake. Chuo kilimpa Mathieu ahadi ya kazi ya kudumu.

Ndipo mtaalamu mmoja wa nje, mwanamke aliyefanya kazi maisha yake yote na vinyago vya Misri, akauliza swali jepesi kwa maandishi: kinyago chenyewe kiko wapi? Kwenye makala Mathieu alikuwa ameandika kwamba karatasi zilitoka kwenye vipande vilivyokwisha kuachana. Swali likaleta jingine: daktari alikinunua kwa nani, na Misri ilitoa ruhusa lini? Chloé alitafuta kwenye makabati ya babu yake, hakukuta chochote. Jarida likaunda kamati ya kuwasikiliza wahusika, hapo hapo Brussels.

Jumapili kabla ya kikao, baada ya misa, Mathieu alikuja Evere. Maman Claudine alimkaribisha, akamwekea chai, akarudi jikoni akaacha mlango wazi. Mathieu alikuwa amekonda.

"Maman Précieuse, sina maneno mingi. Useme tu ilikuya imevunjika. Njo ile tu."

"Ilikuwa nzima, Papa Mathieu."

"Nani aliiona? Mie, weye, na Chloé. Chloé ameshasema ilikuwa vipande. Kama weye unasema vile vile, bon, inaisha. Wimbo inabaki."

"Niliishika na mikono yangu. Ilikuwa na macho."

Mathieu alitazama chai. "Nilijua utasema vile," alisema. "Alors nikuulize kintu moja. Ile siku kwenye beseni, haukufurahi?"

"Nilifurahi."

"Ukafurahi. Na sasa unataka kuwa safi, na uchafu yote ubaki kwangu."

"Sitaki kuwa safi. Nitasema mimi ndiye nilimutia mu mayi ya ile beseni."

Aliondoka bila kumaliza chai. Maman Claudine alitoka jikoni akifuta mikono, akamtazama binti yake, akasema tu, "Utaumia." Hakusema aache wala asiache.

Mbele ya kamati Précieuse alisema kila kitu: kwamba kinyago kilikuwa kizima, kwamba alikwisha kuanza njia ya kuuokoa uso akaiacha, kwamba hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha. Chloé, aliyeulizwa baada yake, alibadili maneno. Alisema kwamba yeye si mtaalamu, aliwaamini mafundi wake. Hakutazama upande wao.

Yote yaliporomoka kwa haraka. Jarida liliyafuta makala. Misri ilidai karatasi zake, wanasheria wa Chloé wakapinga, hakimu akaamuru zifungwe kwenye kasha hadi kesi iishe. Wasomi wakapiga kura, wakakubaliana kwamba shairi lililopatikana kwa njia ile lisinukuliwe wala lisifundishwe. Hakuna aliyesema ni la uongo. Lilikuwa la kweli, na likapotea mara ya pili, safari hii kwa kura. Chuo kikaondoa ahadi yake. Kwa Précieuse hakukuwa na barua wala adhabu. Simu tu ziliacha kulia. Nani angempa kitabu chake mwanamke aliyeyeyusha uso wa mtoto? Mwishowe alipata kazi kwenye duka la fremu huko Laeken, anakata vioo na mbao kwa ajili ya picha za harusi na za ubatizo za watu wengine.

Maman Claudine alifariki majira ya baridi yaliyofuata, kwa moyo. Matanga yalifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Watu walikuja wengi, wakaimba, wakachanga chakula. Baadhi walimkumbatia Précieuse kwa nusu mkono. Mathieu alikuja siku ya pili. Alikaa kiti cha jirani, koti bado mwilini.

"Pole, maman."

"Asante, papa."

Mwanamke mmoja akawapitishia sahani za wali na samaki, wakazishika magotini.

"Nimepata kazi kwetu," Mathieu alisema. "Lubumbashi. Kufundisha batoto Kifaransa, kwenye shule ya bamasista. Naenda kisha Pasaka."

"Kigiriki hapana?"

"Kigiriki hakuna mwenye anaitaka." Alikoroga wali bila kula. "Nilikukasirikia sana. Sasa sijue tena. Siku zingine nasema ulifanya vizuri. Siku zingine nasema ulituzika wote wawili bure, kwani ile mutoto haikurudi."

"Haikurudi," Précieuse alikubali.

"Weye unafikiri namna gani?"

Alifikiri kwa kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. "Nafikiri siku ile ningekataa mbele ya beseni, njo ningekuwa nimefanya vizuri. Kisha pale, yote ilikuwa imechelewa. Kusema ukweli pia."

Mathieu aliitikia kwa kichwa. Hakubaki kwa maombi. Hawajaonana tena.

Karatasi zenyewe ziko kwenye ofisi ya mahakama, katikati ya jiji. Kesi haijaisha, na wanasheria wanasema itachukua miaka. Mara moja Précieuse alikwenda kuomba aruhusiwe kuziona, si kuzisoma, kuzikagua tu. Karani, mwanamume mpole mwenye mafua, alimwambia haiwezekani kwa kuwa yeye ni shahidi. Lakini kasha liko salama, alisema, limefungwa kwa lakiri, hilo pale. Akaonyesha kwa kidole kupitia mlango wa kioo. Précieuse aliliona, kwenye rafu ya chini, limesukumwa hadi likagusa kipasha joto cha ukutani. Akamweleza karani kwamba mafunjo yakikaushwa hivyo yanakunjamana na kukatika, na wino unadondoka kama masizi; lisogezwe tu, hata hatua moja. Karani alipenga kamasi, akasema haruhusiwi kulisogeza bila amri ya hakimu. Akamshauri aandike ombi.

Ameandika. Hajajibiwa. Nje ni Januari, na huko ndani kipasha joto kinawaka tangu asubuhi hadi ofisi ifungwe.